Kuchora bustani ya wanyama ya kufikirika: anzia mlango wa nyuma

Assalaam alaykum ndugu wanachama. Wengi mmeniomba nieleze namna ninavyochora bustani ya wanyama ambayo haipo wala haitajengwa, kazi ninayoifanya baada ya Isha kwa penseli, rula na daftari la miraba. Nitaeleza bustani moja tu, ile niliyoiweka katika uwanda wa kusini mwa Unguja. Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba kila banda lichorwe kuanzia nyuma, yaani pale anapoingilia mtunzaji na anapolala mnyama, na upande wa mgeni uje mwisho. Mchoro unaoanza na lango kubwa na njia za wageni huishia kumpa mnyama nafasi iliyobaki.

Hatua ya kwanza: ardhi, maji na upepo

Chagua mahali unapopajua kwa miguu yako. Mimi huhesabu mraba mmoja kuwa mita 5, hivyo hektari 4 zinaingia katika miraba 40 kwa 40. Uwandani udongo ni haba, jiwe la matumbawe liko juu, na mvua ya masika hata ikinyesha usiku kucha, asubuhi maji yameshazama katika nyufa. Kwa hiyo kila bwawa lisakafiwe kwa saruji, na kila paa liwe na mfereji unaopeleka maji kwenye birika. Kisha chora mishale miwili ya upepo, wa kusi na wa kaskazi. Kusi hutoka upande wa kusini na kusini mashariki, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo jaa la samadi nimeliweka ukingo wa magharibi, ambako harufu haiingii bustanini katika msimu wowote kati ya hiyo miwili.

Hatua ya pili: wanyama wachache

Nilichagua wanne: kobe wa Aldabra, paa nunga (paa mdogo wa msituni), popo wa Pemba na kima punju (kima mwekundu wa Unguja). Kila mmoja ana karatasi yake yenye maswali manne: anakula nini, analala wapi, anaogopa nini, na akitaka kutoroka atapita wapi. Ukishindwa kulijibu moja, usianze kumchorea banda.

Hatua ya tatu: nyuma ya banda

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pote. Kila banda lina vyumba viwili vya usiku vilivyounganishwa kwa mlango wa kuteleza, unaovutwa kwa mnyororo na mtu aliye nje, ili mnyama ahamie chumba cha pili wakati cha kwanza kinasafishwa. Ukumbi wa mtunzaji una upana wa mita 2, kwa sababu toroli lililojaa majani halina budi kugeuka. Sakafu ina mwinamo kuelekea kwenye mfereji. Mbali na mabanda yote, weka nyumba ya karantini ambamo mnyama mgeni hukaa siku 30 au zaidi, akiwa na vyombo vyake na mhudumu wake.

Hatua ya nne: makazi yenyewe

Kobe ndiye rahisi kuliko wote. Wale wa kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, asili yao ni wanne walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na aliyewahi kuwatazama pale anajua kwamba kobe mkubwa hapandi ukuta, bali husukuma. Akiona nje kupitia tundu, atalisukuma tundu hilo kila siku. Mjengee ukuta mzima wa mawe usiopenya macho, hata ukiwa mfupi, na umpe kivuli na dimbwi la tope kwa ajili ya joto la mchana.

Popo wa Pemba akikunjua mabawa hufikia kama mita moja na nusu, kwa hiyo kizimba kifupi humlazimisha kuning'inia tu. Nilimchorea njia ya duara iliyofunikwa wavu, kama pete, ili aruke na kuzunguka bila kufika mwisho. Kuna milango miwili ya kuingilia, na wa pili haufunguliwi kabla wa kwanza haujafungwa.

Kima punju alinisumbua mwaka mzima. Tumbo lake huchachusha majani kama la ng'ombe, chakula chake kikuu ni majani machanga, matunda matamu yaliyoiva hayamfai, na huonekana hata akila makaa, ambayo husaidia kupunguza sumu za majani. Jamaa zake wa kolobasi wekundu, yaani kima wa kundi lake, hawakai vizuri kifungoni. Mwishowe nilifuta kizimba chote. Nilichora msitu wenye mikungu na miti mingine ya majani, nikawazungushia uzio watu: wanapita juu ya daraja la mbao, na kima wako huru pande zote mbili.

Chini ya miti hiyo nikamweka paa nunga, ambaye porini huwafuata kima na kuokota majani, maua na matunda wanayoyadondosha. Uzio wake hauna pembe kali, kwa kuwa paa akishtuka hukimbilia pembeni na kujiumiza. Nimeuziba kwa makuti ili auone mapema.

Hatua ya tano: wageni

Wape kivuli, maji na vyoo. Fikiria umati wa sikukuu ya Idd unaofurika Mnazi Mmoja, kisha hakikisha kila mnyama anatazamwa kutoka upande mmoja tu, na ana mahali pa kujificha.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Makunduchi: Mwalimu, je, naweza kuweka simba nyuma ya handaki bila nondo?*

Naam. Carl Hagenbeck alifungua bustani ya namna hiyo karibu na Hamburg mwaka 1907, na wengi wakamfuata. Hata hivyo, hesabu saruji ya handaki uwandani, na usijaribu njia hiyo kwa chui, kwa sababu chui hupanda na kuruka, naye hana budi kufunikwa juu.

*Mwanachama wa Wete: Sisi tunawaona popo hawa wa Pemba wakiwa huru huko Kidike, hifadhi yao hapa Pemba. Kuna haja gani ya kuwachorea wavu?*

Dada yangu, hoja yako ina uzito. Pete yangu ni kwa ajili ya popo waliojeruhiwa wasioweza kurudi porini, na nimeandika hivyo juu ya mchoro. Anayeishi karibu na Kidike angefanya vizuri zaidi kuchora kibanda cha kutazamia, mbali na miti wanayolala.

*Mwanachama wa Mjini: Wanangu wanataka kasa.*

Basi wape ukurasa wa ufukweni peke yake. Waanze kwa kuchora mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa, halafu wakuoneshe ni wapi maji mapya ya bahari yataingilia bwawani, na machafu yatatokea wapi.