Jinsi ya kuandika shairi la uamuzi kwa taswira za bahari na mikoko

Vijana wanaoniletea mashairi hapa Lamu wengi wao wana jambo zito moyoni: aende au abaki, aoe au angoje, auze shamba la baba au alishike. Mizani wanaijua, vina wanavitafuta kwa bidii. Kisha naletewa mshororo kama huu:

*Maisha ni kama njia, chagua moja uende*

Hesabu silabi: nane kwa nane, hakuna kosa. Lakini njia ipi? Inaelekea wapi? Ukiifuata unapoteza nini? Mwandishi alikuwa na uamuzi unaomnyima usingizi, akauvisha taswira isiyo na mwili. Mwongozo huu ni wa kuutafutia uamuzi wako kitu cha asili ambacho kina kanuni yake, na kanuni hiyo ndiyo ikusaidie kufikiri. Mimi hufuata hatua hizi hizi, kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Uandike uamuzi kwa nathari

Kabla ya kina, chukua karatasi useme jambo lako kama unavyomwambia mtu wa nyumbani. "Nimeitwa kazi Mombasa. Mama yuko peke yake hapa Lamu, mtaa wa Langoni." Chini yake andika gharama ya kwenda, kisha gharama ya kubaki. Ukiona upande mmoja hauna gharama yoyote, usiandike shairi la uamuzi, maana umeshaamua. Andika la kuaga.

Hatua ya 2: Jiulize kama uamuzi huo unarudi

Hatua hii ndiyo inayobeba nyingine zote, na ndiyo inayorukwa. Watu huchagua taswira kwa uzuri wake: mawimbi, machweo, dhoruba. Mimi nakuomba uchague kwa swali moja: nikikosea leo, nitapata nafasi nyingine lini?

Ikiwa nafasi hurudi kila siku, taswira yako ni maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita. Mashua ya kwenda Pate au Faza ikikuta maji yamepwa katika mlango wa bahari wa Mkanda, hungoja. Abiria watanung'unika, jua litawachoma, lakini maji yatarudi. Uamuzi wa kumpigia simu ndugu mliyekosana ni wa aina hii. Leo hukuweza, kesho mlango utafunguka tena.

Lakini maji yana jambo jingine ambalo mshairi asiye mtu wa pwani halijui. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji makubwa, na siku za katikati ni maji mafu. Chombo kikipandishwa juu kabisa ya ufuo kwa bamvua, kisha nahodha akazembea, maji ya kesho hayatakifikia. Kitakaa hapo juu ya mchanga yapata wiki mbili, kila siku kikiyaona maji yanakuja na kuishia chini yake. Kuna maamuzi mangapi ya namna hii! Nafasi haijafa, ipo mbele ya macho, ila haikufikii.

Ikiwa nafasi hurudi kwa msimu, chukua upepo. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi huingia Aprili na kukaza katikati ya mwaka. Majahazi ya Bara Arabu yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi, na nahodha aliyechelewa kumaliza biashara yake alikaa ugenini hadi pepo zigeuke tena. Masomo, ndoa, kuhama mji: haya ni ya upepo. Shairi la upepo lazima liwe na hesabu ya miezi ndani yake, la sivyo ni shairi la vumbi.

Yapo maamuzi ambayo athari yake haikai pale yalipofanyika. Kwa hayo nayatazama matuta ya mchanga ya Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu. Mvua hunyesha juu ya matuta, ikazama, na maji hayo ndiyo yanayolisha visima vya mji wa Lamu. Anayejenga juu ya tuta haoni kisima chochote anapochimba msingi wake. Tuta likiharibika, maji ya visima huingia chumvi, na mwenye kuionja ni mtu mwingine, mtaa mwingine. Ukiandika juu ya baba aliyeuza kiwanja cha ukoo, sijui taswira iliyo bora kuliko hii.

Na kama uamuzi haurudi kamwe, njoo kwenye mikoko: mche ukishadondoka haurudi tawini.

Hatua ya 3: Nenda ukakitazame

Usiandike kwa kumbukumbu ya shuleni. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti yetu, huna udhuru. Panda mtumbwi maji yakianza kupwa, au muulize mkata boriti, au uende Matondoni ukakae na mafundi wa majahazi. Watakwambia mti upi unapinda na upi unavunjika.

Hivi ndivyo utakavyoona ukitazama kwa makini. Mbegu ya mkoko haingoji kuanguka ndipo iote. Huota ingali imening'inia tawini, ikateremsha kijiti kirefu cha kijani chenye ncha, mara nyingi kikizidi sentimita 30. Kinakaa hapo miezi kadhaa kikilishwa na mti mama. Kikikomaa hudondoka. Kikidondoka maji yamepwa, ncha huchoma tope na kikasimama pale pale, chini ya mama yake. Kikidondoka maji yamejaa, huchukuliwa. Mwanzo huelea kikiwa kimelala. Baadaye upande wa ncha huwa mzito, kikaanza kusimama wima ndani ya maji hata kabla hakijagusa chini. Kinaweza kuishi hivyo muda mrefu, kisha kikashika tope la kisiwa kingine.

Jambo hilo la mwisho sikulibuni wala sikuweza kulibuni: katika kule kupotea, mche unajiandaa kusimama. Ukitazama kitu cha kweli muda wa kutosha, hukupa sehemu ambayo hukuitarajia, na hapo ndipo shairi linapoanza kukufundisha wewe mwenyewe. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, alipoifanya dunia kuwa bahari hakuiacha iwe maji matupu. Aliitia matumbawe. Msafiri wake ana kitu cha kukwama nacho.

Andika daftarini kila ulichokiona, hasa kinachopingana na ulichotaka kusema.

Hatua ya 4: Vina vigawane pande mbili

Kwa shairi la uamuzi napenda la unne, yaani mishororo minne kwa kila ubeti, mizani nane kwa nane. Sababu yangu ni kwamba kila mshororo tayari una pande mbili, ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), na uamuzi nao una pande mbili. Tumia umbo hilo. Huu ni ubeti wangu wa kwanza juu ya mche:

*Mche juu ya mkoko, umekomaa tayari,*
*Chini yake tope liko, mbele yake ni bahari,*
*Maji yakipwa hayako, yakijaa ni safari,*
*Ushike tope uliko, au uwe msafiri?*

Soma ukwapi peke yake, kuanzia juu kwenda chini: mkoko, tope, maji kutoweka, kushika ulipo. Ni upande wa kubaki. Soma utao: kukomaa, bahari, safari, msafiri. Ni upande wa kuondoka. Nilianza kwa kuchagua neno moja zito kwa kila upande, *uliko* na *bahari*, nikaviacha vina vya -ko na -ri viyaite mengine. Ukianza na vina vyepesi kwa sababu tu ni vyepesi, vitakuletea maneno yasiyo na kazi, na utajikuta umetia "kwa yakini" na "nasema kwa kauli" ili kujaza mizani. Msikilizaji anayejua hulisikia jazo hilo mara moja.

Hatua ya 5: Upande usioutaka upewe haki yake

Hapa ndipo uaminifu wako unapopimwa. Kama wewe ni wa kuondoka, andika ubeti wa kubaki kwanza, na uuandike vizuri kiasi kwamba anayebaki asijione amedharauliwa.

*Ukianguka yapwapo, utaganda matopeni,*
*Utamea papo hapo, kwa mamayo kivulini,*
*Mwanga ni haba ulipo, hukui kama wendani,*
*Lakini mizizi ipo, hung'olewi tufanini.*

Mshororo wa tatu unataja hasara, wa nne unataja faida, na faida nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu kituo, yaani mshororo wa mwisho, ndicho kinachobaki sikioni. Ningevigeuza, ubeti mzima ungewalaumu wanaobaki. Mama wa Langoni angeusikia akakaa kimya, na ungekuwa umemkosea.

Ubeti wa tatu nakuachia wewe. Ni wa mche uliochukuliwa na maji. Una haya ya kufanyia kazi: kuelea ukiwa umelala, ncha kuwa nzito, kusimama kabla ya kufika, tope la kisiwa kingine. Gharama yake usiisahau. Miche mingi huishia juu ya mchanga mkavu na kufa.

Kuhusu kituo: kama ungali unaamua, kifanye swali na ukirudie kila ubeti. Kama umeamua, kibadilishe kila ubeti ili msikilizaji asogee nawe. Kibwagizo (kituo kinachorudiwa) cha kuamrisha, cha aina ya "nenda usitazame nyuma", sikipendekezi hata kidogo. Kinalifunga shairi ambalo kazi yake ni kupima.

Hatua ya 6: Futa ubeti unaofafanua

Karibu kila rasimu ina ubeti wa mwisho unaosema mche ni kijana, tope ni nyumbani, bahari ni dunia. Ufute. Kama beti zilizotangulia zimefanya kazi, hauhitajiki. Kama hazikufanya, ubeti huo hautaziokoa. Kitu kimoja tu cha maisha ya watu kinaweza kubaki, na neno *mamayo* hapo juu limetosha.

Hatua ya 7: Lisome barazani, kisha uombe jibu

Lisome kwa sauti mbele ya watu wawili watatu, wasiojua habari zako. Mizani iliyopungua itakukwaza ulimi hapo hapo. Usiwaulize kama ni zuri. Waulize: huyu anaamua nini, na je, akikosea ataweza kurudi? Wakijibu la pili sawasawa, taswira uliichagua vyema. Wakisema "atajaribu tena mwakani" ilhali wewe uliandika juu ya mche, rudi hatua ya 2.

Kisha mpe mmoja wao alijibu. Desturi hii tunayo tangu zamani. Zama za Vita vya Shela, Lamu ilipopigana na Mombasa na Pate mwanzoni mwa karne ya 19, washairi wa Lamu na wa Mombasa walijibizana kwa beti kuhusu mambo mazito kuliko haya yetu. Mwenye kukujibu ashike vina vyako vile vile na taswira ile ile, ila asimame upande wa pili. Kama uliandika kwa ajili ya bahari, yeye awe tope. Atakuletea hoja ambayo hukuifikiria, kwa sababu naye amewahi kuitazama mikoko kwa macho yake. Ukilipata jibu lake, usikimbilie kulipinga. Lisome kwanza kando ya ile karatasi ya hatua ya 1, uone kama gharama ulizoziandika zingali zile zile.