Kumkagua mgonjwa wa kiharusi nyumbani, pamoja na anayemuuguza

Somo hili ni la wale ambao mzazi wao amerudishwa nyumbani baada ya kupata kiharusi, naye hawezi kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Mara nyingi familia hukabidhiwa dawa na tarehe ya kliniki, na kazi yote iliyobaki humwangukia binti mmoja au mkwe. Ukaguzi huu unahitaji mwanga mzuri na daftari tu. Ufanye wakati wa kumwogesha, ili usilazimike kumvua nguo mara mbili kwa siku.

Hatua ya kwanza ni kuandika anayoyaweza mwenyewe: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja na kula. Mambo haya sita ndiyo yaliyomo katika kipimo cha Katz cha mwaka 1963, kinachopima uwezo wa mtu kujihudumia, na yakirudiwa kila wiki huonyesha mapema kama hali inashuka. Analoliweza mwachie alifanye, hata akichelewa.

Hatua ya pili ni ngozi, nayo isiharakishwe. Kagua kisogo, mabega, viwiko, nyonga, kifandugu (mwisho wa uti wa mgongo) na visigino, yaani kila mahali mfupa ulipo karibu na godoro. Vijitabu vingi husema utafute wekundu usiofifia unapobonyeza kwa kidole, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Kwa hiyo tumia kiganja, ukitafuta sehemu iliyo na joto au baridi kuliko ngozi ya jirani, iliyokakamaa au kuwa tepetepe, inayouma, au iliyobadilika rangi kuliko kawaida yake. Ukiipata, usiisugue wala usiipake spiriti, bali mwondoe mgonjwa asiilalie. Kwa kawaida mgonjwa hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na ni vyema saa ziandikwe, kwa sababu usiku kila mtu hudhani mwenzake amekwisha kugeuza.

Hatua ya tatu: mlishe akiwa ameketi wima, na abaki hivyo kwa nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikawa kama yenye maji, simamisha kumlisha na umpeleke akapimwe namna anavyomeza, kwani chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Hatua ya nne ni fahamu. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri jana, na leo hajui yuko wapi, hajazeeka usiku mmoja wala hajarogwa. Aghalabu kuna maambukizi, upungufu wa maji au dawa isiyomfaa, naye anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya tano ni anayeuguza. Muulize akiwa peke yake, mbali na mgonjwa: analala saa ngapi mfululizo, mgongo unamuuma, dawa zake mwenyewe anazimeza? Kumnyanyua mgonjwa kwa kumshika makwapani huumiza bega lililopooza na mgongo wa anayenyanyua. Watu wawili wamsogeze kwa shuka lililotandikwa chini yake.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo muuguzi. Mama ameanza kupata kidonda kifandugu, na majirani wanashauri tumkalishe juu ya tairi. Je, tufanye hivyo?*

Marahaba. Hapana, tairi hubana damu kuzunguka kidonda chenyewe. Mlaze ubavu, ukiweka mito mgongoni na kati ya magoti, na mpeleke kidonda kikaonwe kabla hakijachimba.

*Shinikizo la damu la baba sasa linasoma vizuri. Je, apumzishwe dawa?*

Linasoma vizuri kwa sababu anameza dawa. Asiziache bila kauli ya daktari.

*Tutapataje matibabu bila malipo?*

Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo husamehewa malipo katika vituo vya umma. Anzeni serikali ya mtaa au kijiji, kisha mwoneni afisa ustawi wa jamii.

*Mimi niko Muscat na kila mwezi natuma fedha, lakini dada anayemuuguza mama bado analalamika. Nifanye nini zaidi?*

Fedha hazimgeuzi mama saa nane usiku. Lipia mtu wa kulala hapo walau usiku mbili kwa wiki, na kabla hujamtafuta, mpigie dada yako umuulize ni usiku zipi anazotaka kupumzika yeye mwenyewe.