Kuwatembeza wazazi Uingereza: London, York na Bath kwa mwendo wa wazee

Watoto wengi wa diaspora hupanga safari ya wazazi kwa orodha ya vivutio: Big Ben, Tower of London, Buckingham Palace, halafu Manchester kumwona shangazi. Siku ya tatu mama ana miguu imevimba na mzee anauliza kama kuna haja ya kutoka leo. Anza kwa mambo matatu yasiyopigwa picha: ngazi, viti na vyoo. Ukishajua hayo yapo wapi, vivutio vitajipanga vyenyewe.

Kwa wawili waliovuka miaka 65, siku kumi zinatosha London na miji mingine miwili, si zaidi. Kitu kimoja kikubwa kwa siku, kabla ya chakula cha mchana. Baada ya hapo iwe kukaa: basi la ghorofa, boti ya mto Thames, au benchi ya bustani. Na siku mbili za kwanza usizikatie tiketi yoyote.

Viza na majira

Mtanzania, Mkenya au Mganda anaomba viza ya kawaida ya mgeni, inayoruhusu kukaa hadi miezi 6. Fomu hujazwa mtandaoni, kisha kila mzazi anakwenda mwenyewe kituo cha viza kutoa alama za vidole na picha. Huwezi kuomba mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua kama wiki 3. Ada hupandishwa mara kwa mara, basi itazame kwenye tovuti ya serikali siku ile unayolipa.

Kinachoharibu maombi ya wazee mara nyingi si umaskini bali hesabu zisizoelezeka. Mtoto anarusha pauni 4,000 kwenye akaunti ya baba wiki moja kabla ya kuchapisha stetimenti, na afisa anaona pesa iliyotua ghafla kwenye akaunti inayopokea pensheni ndogo. Kama wewe ndiye unayelipa, sema wewe ndiye unayelipa. Weka barua yako ya mwaliko, stetimenti zako za miezi 6, hati zako za malipo ya mshahara, na ushahidi wa ukaazi wako Uingereza. Kwa upande wao weka vinavyoonyesha kwamba watarudi: pensheni, hati ya kiwanja au shamba, leseni ya duka, wajukuu wanaowalea. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili iambatane na tafsiri iliyothibitishwa.

Majira mazuri ni kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni, au Septemba. Agosti shule zimefungwa, hoteli ni ghali na kila mahali pana foleni. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na tarehe 25 hakuna treni wala basi la mji. Kwa wazazi Waislamu, Juni ina lake: mchana ni mrefu kupita kiasi na Isha huingia usiku sana, kwa hiyo Septemba huwafaa zaidi. Miezi yote, koti jepesi lisilopitisha maji ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu upepo hugeuza mwavuli na mzee anahitaji mkono wa kushikia reli.

Bima, dawa na mzigo

Huduma ya dharura hospitalini haitozwi. Akishalazwa, mgeni hulipa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa kwa miezi miwili hufikishwa idara ya uhamiaji na linaweza kumnyima viza siku nyingine. Kwa hiyo nunua bima ya safari, na utaje presha, kisukari, moyo na upasuaji wowote wa zamani. Wazee wengine huficha, wakiona bei inapanda. Wakijaza wao fomu, kaa nao kwenye simu. Bima iliyofichwa ugonjwa haitalipa ugonjwa huo. Angalia pia kipengele cha kusafirisha mwili nyumbani. Ni neno zito kulitamka mbele ya wazazi, lakini wanaojua michango ya msiba ya diaspora wanaelewa kwa nini lazima kiwemo.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Insulini isiwekwe kabisa kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwani inaweza kuganda. Uingereza iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2 majira ya joto na saa 3 majira ya baridi. Dawa ya kila siku ya saa moja asubuhi haiharibiki ikisogezwa kidogo, lakini ratiba ya insulini aulizwe daktari kabla ya kuondoka.

Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi mpakani, hata kama ni kilo moja ya nyama kavu au kichupa cha samli ya bibi. Jambo moja jepesi: soketi za Uingereza ni zile zile za pini tatu bapa za Kenya, Uganda na Tanzania, na magari hupita kushoto. Mzee anajua tayari atazame upande gani akivuka barabara.

Msaada wa kiti cha magurudumu uombwe kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla, hata kwa mzazi anayetembea vizuri. Heathrow ni kubwa, na mwendo kutoka mlango wa ndege hadi uhamiaji humchosha hata kijana. Mwenye kiti hupitishwa njia fupi, na mwenzake huenda naye.

London bila kupanda ngazi

Reli ya treni za chini ya ardhi ni ya zamani na vituo vingi vina ngazi tu. Elizabeth line ni tofauti: vituo vyake vyote vina njia isiyo na ngazi kutoka barabarani hadi jukwaani, na inatoka Heathrow moja kwa moja hadi katikati ya mji. Piccadilly line, reli nyingine ya Heathrow, ni nafuu, ila kwa wazee wenye masanduku tofauti ya bei inalipika. Pakua ramani ya vituo visivyo na ngazi ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, na upange siku kwa kuifuata.

Kwa matembezi yenyewe, basi ni bora. Mwaka 2025 nauli ilikuwa pauni 1.75, na ukibadilisha mabasi ndani ya saa moja hulipi tena. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu. Kila mtu agonge kadi yake ya benki au Oyster yake, yaani kadi ya nauli inayojazwa pesa, na hapa ndipo wengi hukosea: kadi moja haiwezi kuwabeba wawili. Kwenye basi unagonga ukipanda tu. Kwenye treni unagonga ukiingia na ukitoka, na usipogonga ukitoka unakatwa nauli ya juu kabisa. Kadi za benki za nyumbani hukata ada ya kubadilisha fedha kila safari, basi wanunulie Oyster. Kadi ya kusafiri bure kwa wazee ni ya wakazi tu. Usipoteze muda kuitafuta.

Basi namba 15 hupita kanisa kuu la St Paul's na kufika Tower of London. Wakae chini, kwenye viti vya wazee karibu na mlango. Juu kuna mandhari nzuri zaidi, lakini ngazi huyumba gari likiondoka, na mzee ameanguka.

British Museum, National Gallery na makumbusho ya Victoria and Albert hazitozi kiingilio. Zina lifti, vyoo safi na viti vya magurudumu vya kuazima; piga simu siku moja kabla. Kupokezana zamu kwa walinzi wa mfalme pale Buckingham Palace ni kusimama karibu saa nzima ndani ya umati, kwa hiyo tunaliacha. Horse Guards, jirani na barabara ya Whitehall, askari wa farasi hubadilishana kila siku saa tano asubuhi, Jumapili saa nne, na watu ni wachache.

Kanisa la Westminster Abbey ndilo la kulipia. Katikati ya ukumbi, sakafuni, kuna jiwe la kaburi la David Livingstone. Alifariki 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mazishi yakafanyika hapa Aprili mwaka huo. Mzazi aliyewahi kuiona misheni ya Bagamoyo atasimama hapo kwa muda mrefu kuliko mbele ya makaburi ya wafalme. Wasiotaka kulipa waende ibada ya jioni ya kwaya, ambayo huwa siku nyingi saa kumi na moja: ni bure, mnakaa mkisikiliza, na Mwanglikana wa Dodoma au Maseno ataufuata utaratibu wake bila shida. Jumapili ni ibada tu, hakuna utalii.

Treni kwenda York na Bath

York ni kama saa mbili kutoka King's Cross, Bath ni saa moja na nusu hivi kutoka Paddington. Tiketi za bei nafuu hufunguliwa wiki 8 hadi 12 kabla, lakini zimefungwa kwa treni moja; ukiikosa, imekwisha. Kwa wazee chagua treni ya kati ya saa nne na saa sita mchana, viti vyenye meza, behewa lenye choo.

Kuna kadi mbili za punguzo la theluthi moja. Senior Railcard ni ya kila mtu mwenye miaka 60 na zaidi, nayo huuzwa hata kwa mgeni akionyesha pasipoti kituoni. Two Together ni kadi moja kwa watu wawili waliotajwa majina, na haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi Jumatatu hadi Ijumaa. Tangu Machi 2025 kila moja ni pauni 35. Kwa mke na mume wanaosafiri pamoja siku zote, Two Together inaokoa pauni 35 nyingine. Ila mzee akibaki hotelini na homa na mama akasafiri nawe, kadi ile haina kazi siku hiyo. Kama ni ya kidijitali, iwe kwenye simu iliyomo ndani ya behewa, si simu yako uliyoko kazini.

Stesheni kubwa za London hutangaza jukwaa dakika chache tu kabla ya kuondoka, umati unakimbia, na milango hufungwa kabla ya dakika ya tiketi. Dawa yake ni Passenger Assist: huduma ya bure, unaiomba kwa programu au simu hadi saa 2 kabla ya safari, na mfanyakazi huwapeleka wazazi kwenye viti vyao. Kama wanasafiri peke yao, waandikie saa za treni kwa Kiswahili. Tiketi ya "10:00" ni saa nne asubuhi, na kuna wazazi watakaoisoma saa kumi.

Treni ikichelewa dakika 15 au 30, kutegemea kampuni, dai fidia ndani ya siku 28. Piga picha tiketi kabla lango halijaimeza.

York inawafaa kuliko mji wowote nje ya London kwa sababu ni tambarare. National Railway Museum iko nyuma ya stesheni, bure, na ndani kuna Mallard, injini ya mvuke iliyofikia maili 126 kwa saa mwaka 1938. Baba aliyefanya kazi East African Railways mpangie asubuhi nzima. Injini kubwa za Garratt alizoziona zikipanda kutoka Mombasa ziliundwa Manchester. Kanisa kuu la York Minster halina shida chini, lakini mnara wake ni ngazi 275. Ukuta wa mji una sehemu zisizo na reli upande wa ndani, na mtaa wa kale wa Shambles umetandikwa mawe ya mviringo: viatu vya soli nene, si kandambili wala viatu vya kanisani.

Bath ni nzuri ila imejengwa mlimani. Baki bondeni: Roman Baths, mabafu ya kale ya Warumi ambako maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 46, yana lifti na vipo viti. Usiwaahidi kuoga, maji yale ni ya kutazama. Royal Crescent, safu maarufu ya nyumba za kale iliyo juu mlimani, mwende kwa teksi, mteremke kwa miguu.

Chumba

Nyumba nyingi za kulala wageni ni za karne ya 19, bila lifti. Uliza kwa maandishi mambo mawili: kuna lifti hadi ghorofa yao, na bafu ni la kuingia kwa miguu au la kuruka ukingo wa beseni? La pili ndilo huvunja nyonga. Bomba la moto na la baridi mara nyingi ni mawili tofauti, na la moto huunguza.

Karibu kila chumba kina birika la umeme. Waletee majani yao, tangawizi na sukari, lakini maziwa yasichemshwe ndani yake. Huungua chini na hoteli inaweza kutoza. Maziwa ya moto ombeni mapokezi, asubuhi hawakatai.