Nati, uzi na miwani ya jua: jinsi ya kuukamata ubongo ukipima umbali

Wengi tunachukulia jicho la pili kama spea, moja likiharibika unabaki na lingine. Kumbe lina kazi yake kila siku, na unaweza kuiona hapo hapo ulipo bila kununua kitu.

Anza na hii ya haraka. Shika peni ya bic ikiwa imelala, ncha iangalie kushoto, kifuniko chake kiwe mkono wa kushoto. Nyoosha mikono, fumba jicho moja, kivalishe kifuniko kwa mara moja bila kupapasa. Mara nyingi utapitiliza mbele au nyuma ya ncha. Fungua macho yote mawili urudie, kinaingia fresh.

Sasa kwa nini? Macho yameachana kama sentimita 6 hivi kwa hiyo kila moja lina picha yake. Weka kidole gumba mbele ya uso, kitazame kwa jicho la kulia halafu la kushoto, utaona kinaruka, na ukikisogeza karibu na pua kinaruka zaidi. Ule mruko ndo futi ya ubongo. Habari za macho mawili zinasafiri bila kuchanganywa mpaka zifike kwenye ubongo huku nyuma, usawa wa kisogo, na huko kuna seli za neva zinazopokea kutoka macho yote mawili kwa pamoja, nyingine zinashtuka kitu kikiwa karibu kuliko pale ulipokazia macho, nyingine kikiwa mbali zaidi. Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha hili mwaka 1838, alichora michoro miwili inayotofautiana kidogo akatumia vioo kila jicho lione wake, na michoro bapa ikasimama kama kitu cha kushikika.

Haya, tuje kwenye nati, hii ndo naipenda. Funga nati kwenye uzi wa kama mita moja, mtu akubembezee kushoto kulia, mstari ulionyooka, we kaa mita mbili hivi mbele yake kwenye mwanga mzuri. (Usitumie funguo, mimi nilianza na funguo zangu za nyumba, zikawa zinajizungusha zenyewe kwenye uzi sikuelewa nini ni nini.) Chukua miwani nyeusi ya jua, igeuze wima ili kioo kimoja tu kifunike jicho la kushoto, la kulia liwe wazi, na usifumbe hata moja. Kazia macho ukutani nyuma ya uzi, usiifuate nati. Subiri kidogo.

Nati inaanza kuzunguka! Ikienda kulia inapita mbali, ikirudi kushoto inakuja upande wako, yaani duara kabisa, na anayeibembeza atakuapia inaenda mstari. Hamishia kioo jicho la kulia, mzunguko unageuka.

Ni kwamba jicho lililo gizani taarifa zake zinachelewa milisekunde chache. Kwa hiyo wakati jicho la wazi linasema nati iko hapa, la gizani bado linaripoti ilipokuwa muda mfupi uliopita, picha mbili zinaachana, na ubongo ukiona picha zimeachana unajua kazi moja tu, kutafsiri kuwa ni umbali. Aliyelieleza jambo hili mwaka 1922 ni Mjerumani Carl Pulfrich, na cha ajabu yeye mwenyewe hakuweza kuliona, maana jicho lake moja lilikuwa halioni.

Kama huoni duara, kwanza angalia kioo ni cheusi vya kutosha na huifuati nati kwa macho. Ukirudia mara kadhaa bado hakuna kitu, inawezekana macho yako hayashirikiani vizuri, inatokea sana kwa waliokuwa na makengeza utotoni au jicho moja dhaifu. Muone daktari wa macho, na kama ni mtoto usisubiri. Ila usipanik, watu wengi wanaishi hivo, ubongo unajitafutia njia nyingine, vivuli, kitu kipi kimeziba kingine, au kusogeza kichwa kidogo.

Ukishachoka kuzungusha, vaa miwani yako kawaida, macho yote mawili yawe gizani. Nati inarudi kwenye mstari wake, sababu sasa yote yamechelewa sawasawa.