Kutafuta picha zako zilizozagaa mtandaoni

Mpiga picha, usingoje rafiki akutumie kiungo ndipo ujue picha yako inapamba tangazo la mtu. Chagua zile chache zinazopendwa na watu, uzipitishe mara kwa mara kwenye Google Lens na TinEye, huduma za kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha badala ya maneno. Tumia zote mbili. Lens huleta hata picha zinazofanana tu, na hapo utachuja hadi uchoke. TinEye hutafuta picha ileile, hata ikiwa imekatwa kingo au imepunguzwa ukubwa, na hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi, ukapata fununu ya nani alitangulia kuiweka. Isipoonekana, igeuze kushoto kuwa kulia kisha utafute tena. Wajanja hupenda sana hila hiyo.

Ukiikuta mahali, usianze kugomba. Piga skrinishoti inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe, halafu uhifadhi ukurasa wenyewe kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni. Ukishalalamika, picha inaweza kufutwa muda huohuo na ushahidi ukapotea nayo.

Kisha pekua kumbukumbu zako kabla ya kumwita mtu mwizi. Huenda mteja aliyekulipa ndiye aliyewapa hao walioitumia, au wewe mwenyewe uliiweka kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu wengine kuitumia kwa masharti kama kukutaja jina, ukasahau. Hapo huenda kosa lao ni kutokutaja jina tu, na barua pepe ya kistaarabu inatosha. Faili ghafi kutoka kwenye kamera usiifute; ni ushahidi kwamba picha ni yako, maana aliyenakili mtandaoni hana.