Usiweke dawa kidogo kidogo kwenye maji ya kuku

Wafugaji wengi wanajua kuwa antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, ikitumika ovyo, bakteria huwa sugu, yaani dawa haiwaui tena. Kisichosemwa sana ni kwamba bakteria sugu hahitaji kuzaliana ndipo usugu wake uenee. Usugu huo unaweza kumfikia bakteria asiye wa uzao wake, na mmoja wa wachukuzi ni virusi.

Hapa sizungumzii virusi vya magonjwa ya kuku kama kideri na gumboro. Hivi hushambulia bakteria peke yao, huitwa bakteriofaji, na vimejaa kwenye utumbo wa kuku, kwenye maranda na kwenye mbolea. Huingiza vinasaba vyao (maelekezo ya urithi) ndani ya bakteria, huzaliana humo, kisha humpasua na kutoka. Katika kujifungasha, kimoja kimoja hukosea, kikabeba kipande cha vinasaba vya bakteria, kama utingo aliyepakia begi la abiria wa basi jingine. Kikimwingia bakteria mwingine, kinamshushia mzigo huo. Mzigo ukiwa na kinasaba cha usugu, aliyepokea anaweza kuwa sugu bila kuwahi kukutana na dawa. Norton Zinder na Joshua Lederberg walichapisha ugunduzi huu Marekani mwaka 1952, na bakteria waliyemchunguza ni Salmonella, jamii ile ile inayoleta homa ya matumbo ya kuku.

Linalomhusu mfugaji hasa ni hili. Baadhi ya virusi hivi hulala ndani ya bakteria kizazi hadi kizazi bila kumdhuru. Vinasaba vya bakteria vikijeruhiwa, virusi huamka. Enrofloxacin, antibayotiki ambayo wengi wetu tunaijua dukani, hujeruhi vinasaba hivyo. Ukitoa dozi pungufu, bakteria wengi hubaki hai wakiwa wameumia. Virusi vinaamka katikati yao, na wa kupokea mzigo wapo tele. Watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani huko Ames, Iowa, walionyesha maabara kuwa carbadox, dawa ya kuchanganya kwenye chakula cha nguruwe, iliamsha virusi ndani ya Salmonella sugu, navyo vikahamishia usugu kwa Salmonella nyingine. Enrofloxacin yenyewe ilipigwa marufuku kwa kuku nchini Marekani mwaka 2005 kwa sababu ya usugu.

Kwa hiyo ile desturi ya kutia kijiko cha dawa kwenye maji "ya kuzuia magonjwa" iachwe kabisa. Naisisitiza kuliko yote yaliyomo humu, kwani ndiyo inayowapa bakteria dozi ya kuwajeruhi tu. Kuku wakiumwa, mwite daktari wa mifugo, na aliyekufa karibuni apelekwe kupimwa. Ikiwa ni kideri, antibayotiki haigusi virusi vyake. Kinga ni chanjo: ile ya I-2 ni tone moja kwenye jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Dawa ikihitajika kweli, pima uzito wa kuku kadhaa, ukokotoe dozi kwa kundi zima, na siku hiyo wasipewe maji mengine. Maliza siku zote ulizoandikiwa hata kama kuku wamechangamka siku ya pili. Maji ya dawa yaliyobaki usiyamwage kwenye maranda wala kwenye mtaro. Humo ndimo bakteria na virusi vyao walimo. Mayai na nyama visubiri hadi muda ulioandikwa kwenye lebo uishe.

Kinyesi kibichi kisiende moja kwa moja kwenye bustani ya mchicha. Kilundike pamoja na majani makavu, kinyunyizie maji kiwe na unyevu, na lundo lipate joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa. Ligeuze mara kwa mara ili ya nje nayo yaingie katikati. Kama huna kipimajoto, chomeka fimbo katikati ya lundo, uichomoe baada ya dakika kumi; ikiwa vuguvugu tu, lundo bado halijaiva. Joto hupunguza sana bakteria wabaya, ingawa halifuti kila kinasaba cha usugu, ndiyo maana kazi kubwa ibaki kule kwenye ndoo ya maji.