Fundi, ukifika Ahmedabad tazama juu

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Mafinga. Ahmedabad, India, nilikwenda kumuuguza mjomba aliyekuwa akitibiwa huko, na saa nilizopata bila zamu ya hospitali nilizimalizia mji mkongwe. Ukipata safari ya Gujarat, jimbo lenye mji huo, hata iwe ya shida, usirudi bila kufika pale.

Viza iombe mtandaoni kabla hujapanda basi la Dar, na ubebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mizuri. Ubaridi wake wa asubuhi si kitu kwa mtu wa Mafinga. Mei joto linapita nyuzi 40.

Anza na msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa 1573. Huyu bwana alikuwa Mhabeshi, mtu mwenye asili ya Afrika, na jambo hilo lilinigusa sana. Nenda alasiri. Kule kibla kiko magharibi, kwa hiyo jua likianza kushuka linapenya kwenye madirisha ya mawe yaliyotobolewa ya ukuta wa upande huo. Katika dirisha moja kuna mti: shina limejipinda, matawi yanazungukana na kupitana mpaka yanajaza upinde wote. Nilifuata tawi moja kwa macho, likanipotea mara tatu. Mimi nikitoboa ubao wa mninga, mkono ukiteleza nachukua ubao mwingine. Yule fundi alikuwa na patasi na jiwe.

Kesho yake damka uende mitaa ya pol, yaani mitaa ya makazi ya mji mkongwe. Kuna matembezi ya kuongozwa yanayoanzia hekalu la Swaminarayan, Kalupur, na kuishia Jama Masjid, msikiti mkuu wa Ijumaa. Ni vichochoro vyenye nyumba za mbao zilizochongwa, na vibanda vya kulishia ndege vimesimama juu ya nguzo. Usitazame maduka, tazama juu, pale mihimili inapobeba ghorofa. Humo wanaishi watu, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mzee mmoja aliniruhusu kupapasa mlango wake: ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake ukakaa kimya, hata ukucha haupiti.

Jama Masjid ni ya 1424 na ina nguzo 260. Viatu unavua, na mimi niliingia saa saba mchana, mawe ya uani yakaniunguza nyayo. Beba soksi.

Ukibakiwa na nusu siku, kodi bajaji hadi Adalaj, kama kilomita 18, mkipatana bei kwanza. Hicho ni kisima cha ngazi cha 1499, kinashuka ghorofa tano chini ya ardhi, na kila ukishuka hewa inapoa.

Usisahau futi, penseli na daftari. Ule mlango wa mzee niliuchora na vipimo vyake vyote. Sasa natengeneza wa kufanana nao kwenye benchi langu, nimefika kwenye fremu.